Maporomoko ya Athabasca katika Hifadhi ya Jasper: Mahali pa Kukaa, Si pa Kupita

Anayepima maporomoko ya maji kwa urefu anaweza kuyapita Maporomoko ya Athabasca bila kushuka garini. Kimo chake ni mita 23 tu, ilhali Takakkaw, yaliyomo katika Hifadhi ya Taifa ya Yoho, huanguka zaidi ya mita 370. Hata hivyo, miongoni mwa yote ambayo mgeni wa Hifadhi ya Taifa ya Jasper, jimboni Alberta nchini Kanada, anaweza kuyafikia kwa gari na kuyatazama bila kupanda mlima, sijaona lolote linalodhihirisha nguvu ya maji waziwazi kiasi hiki. Hapa si kijito kinachomwagika kutoka juu sana. Ni mto mzima, mpana na wenye maji mengi, unaoingizwa wote kwa pamoja katika ufa mwembamba wa mwamba, na maji yanapokosa nafasi ya kutanuka hayana budi kuongeza kasi. Tathmini hii naiandika kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili waishio Alberta, pamoja na ndugu wanaokuja kuwatembelea majira ya kiangazi na kuuliza wapelekwe wapi.

Maporomoko yako takriban kilomita 30 kusini mwa mji wa Jasper, pale barabara kuu namba 93 inapokutana na barabara ya zamani, 93A. Barabara hiyo kuu, iitwayo Icefields Parkway, ina urefu wa kilomita 232 kutoka Lake Louise hadi Jasper, na yenyewe ni sababu tosha ya kufunga safari. Anayetoka Edmonton husafiri kama kilomita 365 kuelekea magharibi hadi mji wa Jasper, kisha hugeuka kusini. Anayetoka Calgary kwa kupitia Lake Louise huyafikia maporomoko kabla ya kuuona mji. Njia hii ya pili ni ndefu na inahitaji siku nzima, lakini ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayetaka kuuelewa mto huu, kwa kuwa humpitisha kwanza kwenye barafu unakotoka, kisha humfikisha kwenye korongo unamopita.

Mto Athabasca huanzia kwenye barafuto la Columbia, mojawapo ya mito ya barafu itambaayo polepole kutoka katika uwanda mkubwa wa barafu ulio mpakani mwa Alberta na British Columbia. Maji ya uwanda huo hugawanyika pande tatu: mengine huishia Bahari ya Pasifiki, mengine Ghuba ya Hudson, na mengine, yakiwemo ya Athabasca, huelekea kaskazini hadi Bahari ya Aktiki. Mto wenyewe husafiri kilomita 1,231 hadi Ziwa Athabasca, na maji yake huendelea kupitia mito na maziwa mengine mpaka baharini. Anaposimama kwenye uzio wa maporomoko, kwa hiyo, mgeni huwa yuko karibu na mwanzo wa safari ndefu sana ya maji, wala halitazami poromoko lililojitenga peke yake mlimani.

Kutoka kwenye maegesho ya magari hadi mahali pa kwanza pa kutazamia ni mwendo wa dakika chache, tena kwa njia iliyosakafiwa vizuri. Sauti hutangulia. Kabla maji hayajaonekana, ngurumo nzito isiyokatika hupenya katikati ya miti, na kadiri mtu anavyosogea ndivyo anavyoihisi kifuani pamoja na masikioni. Kisha mti wa mwisho unapitwa, na mto unaonekana ukija kutoka upande wa kusini, mpana na mtulivu kiasi cha kudanganya, Mlima Kerkeslin ukiwa umesimama nyuma yake na matabaka yake ya mwamba yaliyopinda. Mita chache tu mbele, utulivu ule unakwisha. Maji yanajikusanya kwenye ukingo wa jabali, yanagongana yenyewe kwa yenyewe, na kutumbukia katika ufa ambao mtu aliye upande mmoja huweza kuwaona waziwazi walio upande wa pili. Rasharasha hupanda juu kuliko ukingo, na upepo ukiielekeza kwa watazamaji, huwalowesha. Ni vyema kuvaa koti lisilopitisha maji hata siku ya jua kali, na kufunika lenzi ya kamera mpaka dakika ya kupiga picha.

Wasomaji waliobahatika kufika Murchison, kaskazini-magharibi mwa Uganda, watautambua mara moja ujenzi wa mahali hapa. Kule Mto Naili hubanwa katika mwanya usiozidi mita 8 na kuporomoka mita zipatazo 43. Hapa kipimo ni kidogo zaidi lakini kanuni ni ileile, yaani mto mkubwa kunyimwa upana wake. Tofauti iliyonigusa zaidi imo katika joto. Kule rasharasha inayoloa uso ni burudani katikati ya joto la bonde la Naili. Athabasca hutoa hewa ya baridi inayopanda kutoka korongoni hata mwezi wa Julai, kwa sababu maji hayo hayajaachana na barafu kwa muda mrefu. Anayekuja na watoto wadogo na asichukue sweta atajikuta akiondoka mapema.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ile ambayo wageni wengi hawaifikii. Baada ya eneo la kwanza kuna daraja linalovuka korongo, na ng'ambo yake njia huendelea mpaka kwenye ngazi zinazoteremka ndani ya mfereji wa zamani, ambao mto uliuchimba kisha ukauacha ulipopata njia nyingine. Mtu hutembea mahali ambapo zamani maji yaleyale yanayonguruma pembeni yake yalikuwa yakipita. Kuta pande zote mbili zimelainishwa, zimepinda na kubonyea, na mwenye kuchunguza ataona mashimo ya mviringo yaliyochimbwa na mawe yaliyokuwa yakizungushwa na maji mahali pamoja kwa muda mrefu mno. Sijui somo la jiolojia linaloweza kufundishwa vizuri zaidi ya matembezi hayo mafupi. Tabaka la juu ambalo maporomoko hurukia ni kwatizaiti, mwamba mgumu uliotokana na mchanga wa kale uliokandamizwa na kupikwa na ardhi. Chini yake kuna mawe ya chokaa yaliyo laini zaidi. Mwamba mgumu hushikilia ukingo wa poromoko, na ule laini huliwa kwa urahisi, ndiyo maana korongo ni jembamba na lenye kuta zilizosimama wima. Mwishoni mwa ngazi mtu hufika karibu na mto tena, chini ya korongo, ambako maji yameshapata upana wake na kupunguza ghadhabu. Siku za kiangazi huonekana huko mashua za mpira zikianza safari kuelekea upande wa Jasper.

Rangi ya maji inahitaji maelezo, kwa sababu wageni wengi waliozoea picha za maziwa ya milima hii wakiwa wametarajia rangi ya feruzi iliyotulia hushangaa kukuta mto wenye ukungu wa kijivu. Barafuto linapotambaa husaga mwamba ulio chini yake kuwa unga laini sana, nao hubebwa na maji ya barafu iliyoyeyuka bila kutuama. Katika kilele cha kiangazi mto huwa na weupe wa maji yaliyooshewa mchele, na mwanga unapoupiga kwa pembe fulani weupe huo huchanganyika na kijani. Unga huohuo ukifika ziwani na kuelea kwenye maji yasiyotembea ndio unaozaa rangi ya feruzi inayosifiwa. Majira ya kupukutika majani yanapofika, kuyeyuka kwa barafu hupungua, maji huwa safi zaidi na rangi hugeuka kuwa buluu ya kina. Kwa hiyo anayekuja Juni au Julai hupata nguvu, na anayekuja mwishoni mwa Septemba hupata rangi. Mimi nachagua nguvu, lakini siwezi kumlaumu anayechagua rangi, hasa kwa kuwa Septemba hupata na nafasi ya kusimama bila kusukumana.

Msongamano ndio kasoro kubwa ya mahali hapa. Kwa kuwa maporomoko yako kando kabisa ya barabara mashuhuri, na kwa kuwa njia ni fupi na haina mlima, mabasi ya watalii husimama hapa mfululizo kuanzia kati ya asubuhi hadi alasiri wakati wa kiangazi, na maegesho hujaa. Misafara mingi huwapa abiria wake muda unaotosha kupiga picha kwenye uzio wa kwanza na kurudi garini, jambo ambalo ni dhuluma kwa mgeni aliyesafiri kutoka mbali. Nawasihi wanaopanga safari kupitia kampuni waulize mapema watapewa muda gani, na wakijibiwa kwamba ni chini ya saa moja, watafute utaratibu mwingine. Mwenye gari lake afike kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni. Mwezi wa Juni na Julai jua huchelewa sana kuzama katika latitudo hii, hivyo jioni si wakati wa giza, bali ni wakati wa mwanga laini na watu wachache.

Huduma ni za msingi na zinatosheleza. Kuna maegesho, vyoo visivyo vya kuvuta maji, na meza za kulia chakula chini ya miti. Hakuna mkahawa wala duka, na sioni kuwa ni upungufu, kwa maana biashara ingeharibu mahali hapa haraka. Familia ije na chakula chake. Chapati, maharage na chupa ya chai vinafaa kabisa kwenye meza zile, ila sheria ya hifadhi kuhusu wanyama ichukuliwe kwa uzito unaostahili: chakula, mabaki, kikapu na hata chombo kitupu chenye harufu visiachwe mezani bila mtu, kwa kuwa hili ni eneo la dubu, na dubu akishazoea chakula cha binadamu huweza kuishia kuuawa. Kituo cha mafuta pia hakipo. Katika barabara nzima ya kutoka Lake Louise hadi Jasper mafuta hupatikana mahali pamoja tu katikati, tena kwa msimu, na mtandao wa simu haupatikani sehemu kubwa ya njia. Tangi lijazwe mjini, na ramani ipakuliwe kabla ya kuondoka.

Hakuna tiketi ya kuingia kwenye maporomoko yenyewe. Kinachotakiwa ni pasi ya hifadhi, ambayo mwaka 2024 iligharimu dola 11 za Kanada kwa siku kwa mtu mzima, na walio na umri wa miaka 17 au chini huingia bure. Katika kiangazi cha 2025 serikali ya Kanada iliondoa ada hiyo kwa muda kwa wageni wote. Familia inayokusudia kutembelea hifadhi za milima zaidi ya mara chache ikanunue pasi ya mwaka, kwa kuwa hutumika pia Banff, Yoho, Kootenay na hifadhi nyingine za taifa nchini. Kwa kulinganisha na ada ambazo mgeni wa nje hutozwa kuingia katika hifadhi mashuhuri za Afrika Mashariki, hii ni bei nafuu sana, na thamani inayopatikana kwa bei hiyo ni kubwa.

Nataka kuandika kwa mkazo kuhusu usalama. Uzio wa chuma na kuta za mawe zimefuata ukingo wa korongo karibu kila mahali, na mabango ya onyo yako wazi, lakini watu wamepoteza maisha hapa baada ya kuruka uzio ili wapate picha nzuri zaidi au wakae juu ya mwamba ulio karibu na maji. Mwamba huo una utelezi kuliko unavyoonekana, kwa sababu rasharasha huulowesha bila kukoma na mkondo wa maji wa karne nyingi umeung'arisha. Anayetumbukia katika ufa ule huingia kwenye maji baridi mno yenye mikondo inayozunguka chini ya kuta zisizo na pa kushika. Mtoto ashikwe mkono muda wote, na asikalishwe juu ya ukuta kwa ajili ya picha hata kwa sekunde moja. Sehemu za kutazamia zilizojengwa zinatosha kabisa, na hakuna picha iliyo ng'ambo ya uzio isiyopatikana ndani yake.

Majira ya baridi maporomoko huganda kwa sehemu kubwa, nguzo za barafu huning'inia kutoka kwenye kuta, na maji huendelea kupita nyuma yake kwa sauti iliyofifia. Ni mandhari ya kipekee, lakini njia na ngazi hufunikwa na barafu, na uzio huweza kuonekana mfupi kwa sababu ya theluji iliyojaa chini yake. Asiyekuwa na vyuma vya kufunga viatuni asiteremke ngazi. Barabara nayo husafishwa kwa kiwango kidogo kuliko barabara kuu nyingine, na matairi ya majira ya baridi ni sharti la kisheria. Kwa mgeni aliyefika juzi kutoka Mombasa au Bujumbura na asiyewahi kuendesha gari kwenye barafu, nashauri asubiri mwezi wa Mei.

Anayekuja sasa kutoka mji wa Jasper atapita katikati ya msitu ulioungua, na ni vizuri ajiandae kwa jambo hilo. Mwezi wa Julai 2024 moto wa nyika ulilipitia bonde hili kutoka kusini. Wakazi na wageni wapatao 25,000 walihamishwa usiku wa tarehe 22, na siku mbili baadaye moto uliingia mjini na kuteketeza takriban theluthi moja ya majengo. Kando ya barabara miti imesimama myeusi kilomita baada ya kilomita. Wapo wageni wanaosema safari imepoteza uzuri wake, nami sikubaliani nao. Misonobari mingi ya bonde hili ina koni zilizofungwa kwa utomvu, ambazo hufunguka na kumwaga mbegu zinapopatwa na joto la moto, hivyo msitu huu umeumbwa kuzaliwa upya kwa njia hiyohiyo iliyouunguza. Zaidi ya hayo, mji wa Jasper unaishi kwa wageni. Kulala huko, kula huko na kununua mahitaji huko ni msaada wa kweli kwa watu wanaojenga upya nyumba zao.

Jambo lililonielemea zaidi katika ziara hii ni hatima ya barafu yenyewe. Upande wa kusini, kando ya barabara hiyohiyo, liko barafuto la Athabasca, ambalo maji yake huungana na mto huu kupitia Mto Sunwapta. Limerudi nyuma zaidi ya kilomita 1.5 tangu mwishoni mwa karne ya 19, na katika njia ya kulikaribia vimewekwa vibao vya miaka vinavyoonyesha barafu ilifika wapi katika kila kipindi. Sisi tuliokua tukiitazama Kibo tunalijua jambo hili kwa macho, kwa maana Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912. Lakini tofauti ipo, na ina uzito. Mito ya Kilimanjaro hulishwa zaidi na mvua na msitu wa mlimani kuliko na barafu ya kileleni. Katika Athabasca, theluji ya majira ya baridi inapokwisha kuyeyuka mwanzoni mwa kiangazi, maji ya barafuto ndiyo yanayoendelea kuutia mto nguvu hadi Agosti na kuendelea. Barafu ikizidi kupungua, maporomoko hayatakoma, kwa kuwa mvua na theluji vitaendelea kunyesha, ila mwezi wa Agosti hautakuwa tena na ngurumo hii. Kwa sababu hiyo naona kuja hapa pamoja na watoto, na kuwaonyesha barafuto na poromoko katika siku moja, ni elimu inayopaswa kutolewa mapema.

Wazee na wenye shida ya miguu wasikatishwe tamaa. Sehemu ya mwanzo ya njia ni pana na laini, na kutoka hapo mtazamaji anauona mto unapojirusha. Ngazi za mfereji wa zamani hazipitiki kwa kiti cha magurudumu, na hilo ni pengo kwa kuwa huko ndiko kwenye hazina, lakini poromoko lenyewe linaonekana vizuri bila kuzishuka.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kama inafaa kusimama hapa au kwenye Maporomoko ya Sunwapta, yaliyo kama kilomita 25 zaidi kuelekea kusini, ambayo yana kisiwa kidogo chenye miti juu yake na hupendeza sana kwenye picha. Mwenye siku nzima aone yote mawili, aanze na Sunwapta wakati mabasi bado ni machache na kufika Athabasca jioni. Mwenye nafasi ya mahali pamoja tu asimame Athabasca, avuke daraja, na asirudi garini kabla ya kuteremka ngazi zile.